Leo Majuto

Watu wengi wanadhani banda la video huendeshwa na filamu. Si kweli. Kwetu Nungwi banda la video lilikuwa likiendeshwa na mwezi, mwezi huu huu wa mbinguni, na filamu ikija nyuma yake kama ndoo inavyofuata kamba. Msomaji wa mjini pengine atacheka, lakini nivumilie kidogo.

Nungwi ilikuwa kijiji cha wavuvi kabla haijawa kijiji cha mahoteli. Dagaa huvuliwa usiku wa kiza, kwa taa. Taa inawashwa, dagaa wanaijia, wavu unazungushwa. Mwezi ukishakuwa mkubwa bahari nzima inakuwa taa moja, na dagaa hawana sababu ya kuijia ya kwako. Basi kuanzia mwezi kumi na mbili, kumi na tatu hivi, mpaka unapoanza kuchelewa kutoka, vyombo hupumzika pwani, nyavu hushonwa, na vijana huwa na vitu viwili ambavyo kwa kawaida havikutani: pesa za kiza kilichopita, na usiku usio na kazi. Hapo ndipo mjomba wangu alipokuwa akitia vichekesho vyake.

Banda la mjomba lilikuwa nyuma ya pale mafundi wanapounda majahazi. Makuti juu, magunia ubavuni, mabao sita yaliyopigwa kwa mabaki ya mbao za mafundi, televisheni ya inchi 21, deki, na jenereta lililofukiwa nusu shimoni ili lisishindane na maneno ya filamu. Lilishindana vile vile. Mimi, mtoto wa skuli, kazi yangu ilikuwa mlangoni, kupokea kiingilio na kuandika daftarini. Daftari lile ninalo mpaka leo. Kushoto jina la filamu, katikati umri wa mwezi, kulia idadi ya mabao yaliyojaa. Pesa hazikuandikwa. Mjomba alikuwa akisema pesa zikiandikwa huonekana na wanaokudai, kwa hiyo hesabu yetu ilikuwa ya mabao: "matatu", "sita", "sita na mlango" pale watu waliposimama, na siku chache sana, "sita na dirisha".

Nimekuja kusoma baadaye kwamba Wamarekani nao wana msimu wao wa sinema. Wanauita wa kiangazi, na watu wa biashara ile husema ulianza hasa na filamu ya papa, Jaws, iliyotoka tarehe 20 Juni 1975. Skuli zimefungwa, watoto wana nafasi, nje jua kali, ndani baridi ya mashine. Kiangazi chao hicho ndicho kipupwe chetu. Juni mpaka Agosti kusi linavuma, usiku mtu anatafuta shuka, na hao hao waliotakiwa kujaza majumba ya sinema kwao wanakuja kujaza mahoteli yetu. Sisi hatukulifuata banda kwa baridi. Tulifuata joto la mabega ya wenzetu.

Lakini msimu wetu mkubwa haukuwa kipupwe wala kaskazi. Ulikuwa Idi, na Idi haikai pahala pamoja. Kila mwaka inarudi nyuma siku kumi au kumi na moja. Mwezi wa Ramadhani mzima banda limefungwa, televisheni imefunikwa kanga, na siku ya Mfunguo Mosi mosi watoto wanakuja na nguo mpya na pesa za sikukuu ngumini, wako tayari kutazama hata ukuta. Haya hayakuanza na banda letu. Mjini kulikuwa na majumba yenyewe: Royal ya mwaka 1921, iliyokuja kuitwa Majestic, ikaungua mwaka 1954 na kujengwa upya, Empire ya Darajani ambayo iligeuzwa duka, Sultana, Cine Afrique. Wenye majumba hayo waliweka akiba filamu nzuri kwa ajili ya Idi, na walanguzi wa tikiti waliweka akiba tikiti. Kulikuwa pia na maonesho ya wanawake watupu. Bibi yangu aliwahi kupanda gari ya shamba kutoka Nungwi mpaka mjini, mwendo wa nusu siku enzi zile kwa alivyosimulia, kumwona Raj Kapoor katika Awara. Alikuwa akiigiza ule mwendo wake, suruali fupi na kofia ya upande, akicheka mpaka buibui linamvuka. Hakujua kwamba Raj Kapoor naye alikuwa ameuazima mwendo kwa Charlie Chaplin. Nilipomwambia, alinijibu kwamba basi huyo Chaplin alikuwa Mhindi.

Katika sinema ya Kihindi kichekesho hakisimami peke yake. Mtu analia, anaimba, anapigana, halafu anakuja mchekeshaji dakika kumi kukupumzisha, kisha unaendelea kulia. Nadhani ndiyo maana wazee wetu hawakuwa na neno la filamu ya kuchekesha tu. Kwao mtu kutoa pesa ili acheke saa mbili mfululizo kulikuwa na upungufu fulani, kama kula mchele bila ya mchuzi.

Sasa turudi kwenye daftari, maana humo ndimo nilimojifunza jambo. Filamu ya ngumi huanza na mabao sita. Siku ya pili manne, siku ya tatu mawili, basi, kanda inarudi kwenye boksi. Kichekesho hupanda kinyume: mawili, manne, sita na mlango. Mwanzo nilidhani ni bahati. Kurasa zikazidi kusema lile lile, nikaanza kutazama barazani. Filamu ya ngumi ukisimuliwa umeshaiona. Fulani kampiga fulani, jumba likaripuka, mwisho. Kichekesho hakisimuliki. Kijana anakaa barazani asubuhi, anaanza, "jana bwana, Majuto kaingia ndani kakuta mkwewe..." na hapo anacheka mwenyewe hata hawezi kumaliza. Waliomzunguka wanamtazama kama mwehu. Mwisho anakata tamaa: "Ah, nendeni mkaone wenyewe!" Na wanakwenda. Tangazo la namna hiyo hakuna gazeti linaloweza kuliandika. Siku ya nne wanakuja wale wale wa siku ya kwanza, safari hii si kumtazama Majuto bali kuwatazama wenzao wakimtazama, na kutangulia kusema neno kabla yeye hajalisema. Mjomba alichukia tabia hiyo, akisema wanamharibia. Lakini kiingilio cha mara ya pili hakukirudisha.

Si kila kichekesho lakini. Tulikuwa tukipata kanda na sidii kutoka mjini, na mjomba, ambaye Kiingereza chake kilikuwa cha kuuzia kasa wa mbao kwa watalii, alichagua kwa kutazama picha ya boksi. Mr. Bean alijaza kila alipotiwa. Zile za Kimarekani za watu wanaozungumza sana ziliangukia mabao mawili, na humo wawili wamelala. Duniani nako ni hivyo hivyo, tena kwa mamilioni. Filamu ya Bean iliyotoka Uingereza Agosti 1997 ilikusanya zaidi ya dola milioni 200, na Marekani haikutoa hata robo yake. The Hangover, iliyofunguliwa tarehe 5 Juni 2009 kwa gharama ya dola milioni 35, ilivuka milioni 460, na zaidi ya nusu ilitoka huko huko Marekani na Canada. Kicheko cha mwili kina pasipoti. Cha ulimi kinakwama uhamiaji.

Ulimi wetu ulipata dawa mbili. Ya kwanza ilikuwa wale watafsiri wa Dar es Salaam, na mkubwa wao Kapteni Derek Mukandala, ambaye wengi walimjua kwa jina la Lufufu, aliyekuwa akizifasiri filamu za nje kwa Kiswahili kwa sauti yake peke yake: jambazi ni yeye, polisi ni yeye, mke wa jambazi ni yeye. Kwa maoni yangu, filamu ya ngumi ikipita mdomoni mwake ilitoka kichekesho, na sikumbuki mtu wa Nungwi aliyelalamika.

Ya pili ilikuwa Majuto mwenyewe. Amri Athumani, King Majuto, mtu wa Tanga. Tanga si mbali na sisi, wavuvi wetu wanadago huko, wengine wana wake huko. Kiswahili chake hakikuwa na uzito wa bara, na uchoyo wake, uoga wake, ile tabia ya kuapa huku jicho linatafuta njia ya kukimbilia, kila mtu alikuwa na ami yake wa namna hiyo. Alikuwa hahitaji kusema. Alikuwa akiingia mlangoni, anasimama, na banda linakwenda.

Niseme na hili, maana sijaliona kuandikwa: kuna vichekesho vya bara ambavyo banda letu halikuvicheka. Ni vile vya Mpemba mwenye duka, anayevuta maneno, bahili, anahesabu senti. Mtu wa Dar akisikia lafudhi ile tu anacheka. Kwetu lafudhi ile ndiyo lugha ya nyumbani kwa nusu ya waliokaa, na kicheko kilikuwa kinasubiri mzaha ambao hauji. Mzee mmoja aliuliza kwa upole, "Sasa huyu kachekesha nini? Si kasalimia tu?"

Tangazo letu lilikuwa ubao mweusi, mabaki ya skuli, ulioegemezwa nguzoni. Mimi ndiye nikiandika kwa chaki. Siku za Majuto niliandika maneno mawili makubwa: LEO MAJUTO. Mpita njia asiyejua mambo, na walikuwepo, alidhani ni mawaidha. Shekhe mmoja mgeni aliusimamia ule ubao, akatikisa kichwa kwa kukubali, akasema alhamdulillahi, vijana wa hapa wana khofu ya Mungu. Tulilicheka hilo wiki nzima.

Tarehe 10 Disemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika, ule unaokuja kwa waya wa chini ya bahari kutoka bara, na haukurudi mpaka Machi 2010. Miezi mitatu. Sitokaa sana hapo, kila mtu ana hadithi yake ya kiza kile. Nitasema tu kwamba mjomba alikuwa na jenereta, basi usiku banda lilikuwa mji. Watu walikuja na simu za kuchaji, tano tano kwenye waya mmoja, na wakisubiri simu wanatazama. Petroli ilipanda, kiingilio hakikupanda. Ndipo alipopata tamaa ya kukuza kazi. Mwaka uliofuata alikopa kwa mtu, akanunua televisheni kubwa na spika mbili, na ahadi ilikuwa deni lilipwe kwa Idi ya 2011 na mwezi mpevu utakaofuata.

Idi ile iliangukia mwisho wa Agosti. Kipupwe, watalii wapo, skuli zina likizo ya sikukuu, kila kitu mahala pake. Daftari linaonesha sita na mlango siku nne mfululizo. Kukapita siku chache za kimya, kisha mwezi ukaanza kukua na vijana wakarudi. Ijumaa tarehe 9 Septemba niliandika ubaoni LEO MAJUTO na usiku ule tulijaza mpaka dirishani. Tulifunga kama saa sita, tukaenda kulala.

Usiku huo huo meli ya MV Spice Islander I ilizama katika mkondo wa Nungwi ikielekea Pemba. Wengi waliokuwemo walikuwa wanarudi makwao baada ya sikukuu. Kabla ya jua kutoka vyombo vya Nungwi vilikuwa vimeshaingia baharini, wavuvi na wapiga mbizi wa mahotelini pamoja. Watu waliletwa pwani waliokuwa wameelea juu ya magodoro, juu ya chochote. Waliookolewa walikuwa zaidi ya mia sita. Maiti zilizopatikana zilikuwa zaidi ya mia mbili, na tume iliyoundwa baadaye ilisema waliopotea wanapindukia elfu moja. Vijana wale wale waliokuwa dirishani saa sita usiku ndio waliokuwa wakivuta watu majini alfajiri.

Majamvi ya banda yalikwenda pwani. Magunia yalikwenda pwani. Jenereta lilifukuliwa likaenda pwani. Mchana, nilipotumwa kufuata mtungi wa maji, nilipita bandani na nikauona ubao umeegemea nguzo yake vile vile. LEO MAJUTO. Mtu mmoja, mgeni, naona alikuwa amefuata jamaa zake, alikuwa amesimama mbele yake anausoma. Sikuweza kupita. Niliketi nyuma ya ubao wa jahazi mpaka akaondoka, kisha nikaufuta kwa mkono.

Taifa liliomboleza siku tatu. Nungwi haikuwa na hesabu ya siku. Banda lilifungwa, mwezi mpevu wa Mfunguo Mosi ukapita, na aliyemkopesha mjomba, ambaye hakuwa mtu mbaya, alianza kupita jioni kusalimia. Salamu zile zikawa ndefu.

Mwezi ulipokua tena, Mfunguo Pili, mjomba alifungua. Alitia ngumi. Daftari linasema: "mwezi 13, mabao mawili." Kesho yake vita. "Moja." Watu walikaa nje, mgongo umeelekea banda, wanatazama bahari. Siku ya tatu, mvuvi mmoja ambaye siku ile ya meli alikwenda na kurudi mara nisizoweza kuzihesabu, na ambaye tangu hapo alikuwa hazungumzi sana, aligeuka akamuuliza mjomba kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Kwani Majuto naye alikuwamo?"

Kimya. Mimi nilitazama chini. Kisha mtu akapiga chafya, ndivyo nilivyodhani, kumbe anacheka, na wa pili akadaka, na yule mvuvi mwenyewe akainama akashika magoti, anacheka na machozi yanamtoka, na hakuna aliyeweza kusema ni machozi gani.

Mzee mmoja jirani alikataa. Alikuja bandani usiku ule ule na bakora yake. "Mwanangu," alimwambia mjomba, "bahari bado haijarudisha watu. Utaweka kicheko juu ya kaburi lisilofunikwa?" Mjomba alimpa kiti. Walizungumza muda mrefu, na mjomba hakumjibu kwa deni, ingawa deni lilikuwepo na mzee alilijua. Alimwambia, "Mzee wangu, hao walioingia majini ndio wanaomtaka." Mzee alisema yeye hazungumzi habari ya wanaotaka. Aliondoka bila ya kuaga, jambo ambalo kwetu si dogo.

Majuto alitiwa usiku uliofuata. Ubao sikuuandika, mjomba alinikataza, na haukuhitajika. Sita na dirisha. Kiingilio kilipokewa kama kawaida. Nimewahi kuulizwa na rafiki yangu wa chuo kama sikuona haya kupokea pesa usiku ule, na jibu langu ni hapana. Mtu aliyelipa alikuwa na haki ya kucheka, wa bure angekaa kama yuko msibani. Walicheka kabla ya mzaha, na zaidi ya ukubwa wa mzaha. Kulikuwa na pahala katika filamu ile mtu anasukumwa majini, jambo dogo la kuchekesha ambalo siku zote lilileta makelele. Usiku ule palipita kimya, jenereta tu, tup tup tup. Kisha Majuto akasema neno na banda likarudi. Baada ya hapo, kila kanda ile ilipotiwa, mjomba alisogea kwenye deki na kupabonyeza pale mbele haraka, na hakuna aliyeuliza.

Idi Kubwa mjomba aliipenda kuliko Idi Ndogo, na sababu ni mwezi tena. Idi Ndogo inaangukia mwezi muandamo, kiza kitupu. Sikukuu ikesha wavuvi wanaingia baharini. Idi Kubwa ni Mfunguo Tatu kumi, mwezi unakua, sikukuu inakabidhi mbaamwezi bila ya kupumua. Mwaka ule ilikuwa mwanzoni mwa Novemba, na deni likalipwa, ila lile la spika lililosogezwa. Yule mzee hakuwahi tena kupita mbele ya banda. Akienda msikitini alizungukia upande wa mafundi, njia ndefu, kwa miguu yake ile, mpaka alipofariki. Mjomba alikuwa akimwona na kunyamaza. Mimi mpaka leo nikiwafikiria wote wawili siwezi kumwondoa mmoja.

Majuto alifariki tarehe 8 Agosti 2018, katikati ya kipupwe. Wakati huo banda lilikuwa la mpira: kisahani juu ya makuti, ligi ya Uingereza, na daftari halina kazi kwa sababu mpira haujali mwezi. Vichekesho viko simuni, dakika moja moja, kila mtu anacheka peke yake barazani kisha anamwonesha jirani. Wanaocheka kwa simu hawajai mabao.

Ukurasa wa mwisho ulioandikwa unasema: "Bean. Mwezi 14. Mawili, na watoto." Kurasa zilizobaki mpwa wangu amezijaza picha za majahazi, yote yana injini.